Sungura Aliyefuliwa

Jumatatu, 4 Machi
Tilly kahesabu mpaka kumi na mbili! Miaka miwili na nusu! Halmashauri huniletea watoto kama yeye niwalee kwa muda; kumi na tisa nimewalea, wote hutoka hapa wakijua kushika kijiko. Shule niliacha mapema, lakini kulea — waje wanifundishe!
Lorraine wa ustawi wa jamii kaleta sungura wa kitambaa. Katoka kwa Hayley, atakayemchukua Tilly awe mwanawe kisheria. Eti nimlaze Tilly naye.

Jumatano, 6 Machi
Nimemfua sungura. Alinuka marashi ya watu. Nikampiga pasi mpaka masikio!
Lorraine kashika kichwa. Mama wee, Doreen! Hayley kalala naye wiki mbili ili mtoto azoee harufu yake! Imeandikwa kwenye fomu, ukurasa wa nne.
Nani anafika ukurasa wa nne?
Tilly kamnusa sungura. Kasema, "Mama Dori." Nikajifungia chooni.

Jumatatu, 11 Machi
Halmashauri imetuita walezi. Tuseme huduma yao irekebishwe vipi. Nilivaa koti la kanisani. Nikawapa: mtoto akihama mnatukataza kumwona miezi mitatu, eti atulie. Jordan wangu, niliyemlea kabla ya huyu, alidhani nimekufa! Mkubwa wao akasema wataliandika. Nikamwambia baba, msiandike, amueni! Lorraine akanifinya goti chini ya meza.
Wameamua! Tilly atakuwa wa kwanza. Nitamwona siku ya tatu baada ya kuhama, Hayley akiridhia. Mimi huyo!

Ijumaa, 15 Machi
Kaondoka.
Tulifundishwa tutabasamu, tusirefushe. Nilitabasamu mpaka taya zikauma. Nilimwomba Hayley radhi ya sungura. Akacheka — eti nimwambie tu natumia sabuni gani. Nikampa pakiti nzima, na shuka la Tilly, halijafuliwa. Binti mwema. Ningemchukia ingekuwa nafuu.
Kikombe chake kina maziwa bado. Sikioshi.

Jumatatu, 18 Machi
Siku ya tatu. Koti nimelivaa tangu asubuhi, keki iko kwenye bati.
Saa tisa simu. Hayley. Nyuma yake Tilly analia, ananiita mimi. Hayley naye analia. Da Doreen, halali, hali. Jana tu ndiyo kakubali kupakatwa. Ukija atatulia — au nitaanza naye upya? Wewe umelea kumi na tisa, niambie.
Mimi! Niliyewasema wakubwa wote mdomo wazi!
Sijui. Haki ya Mungu sijui.
Nimemwambia anipe dakika tano nitafute funguo za gari. Funguo ziko mkononi. Dakika nne zimeshapita.