Mihogo ya Mfereji wa Kingi

Mama yangu mpendwa,

Nimeolewa, Mama! Nataka usikie hilo kwanza, kabla hofu haijaharibu mwandiko wangu. Faustin, yule kijana wa Kingi aliyekuja kwetu Buleusa akagonga kichwa kwenye mlango wa jiko mpaka ukacheka, sasa ni mume wangu. Ananiita "sheri", mpenzi kwa Kifaransa, hata mbele ya mama yake, na masikio yangu yanawaka kwa haya. Asubuhi nikimsikia akikohoa uani, moyo unaruka kana kwamba ametoka safari ya mbali. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi.

Ndiyo maana naogopa hivi. Nilikaribia kumuua.

Ulinisomesha kwa masista, nikajua Kifaransa na hesabu, lakini mihogo mikali, ile yenye sumu isipolala majini, niliiloweka nawe wakati wa likizo tu. Juzijuzi nilitengeneza unga wangu wa kwanza katika nyumba hii. Nilikuwa nimeimenya mihogo na kuipanga ndani ya mfereji mwembamba ulio chini ya shamba, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka kwenye jiwe linaloizuia isiende na maji. Ilipolala siku zake, nikaenda kuibonyeza kwa kidole gumba kama ulivyonifundisha: uliolainika unabaki, ulio mgumu unatolewa ukalale tena. Huku njia inatokea bondeni, basi nikaanza pale kwenye jiwe, nikapanda nikibonyeza mpaka juu. Tena nikiimba, Mama! Iliyobaki nikaianika juu ya mwamba, na ile iliyotangulia kukauka nikaitwanga.

Faustin akaondoka kwenda Shasha kubadilisha maharagwe kwa samaki. Nilimfungia bugali ya unga ule katika jani la ndizi, nikalifunga kwa kamba ya mgomba mara mbili ili akumbuke mikono yangu. Hajafika hata mbali, mama mkwe akapita kwenye mwamba, akachukua kipande, akatafuna, akatema.

"Mutoto wangu, hii haiyalala. Iko kali bado!" Halafu akanitazama. "Na bwana yako, amebeba bugali ya unga gani?"

Nilionyesha kikapu cha unga nilioutwanga. Mama mkwe akakaa chini pale pale, hakunitukana, na heri angenitukana. Mashemeji walikimbia njiani kumfuata, wakarudi bila kumwona. Faustin alikuwa amepata lori la kumshusha Sake, njiani kwenda Shasha. Nami nilifikiri: atakula peke yake, ataanguka peke yake, na watu watasema ni mke aliyetoka huko kwetu Walikale ndiye aliyemlisha sumu. Kisha hata maneno ya watu yakanitoka akilini. Nilibaki na uso wake tu.

Miguu ilikataa kutulia, nikashuka mferejini, ambako fungu la pili la mihogo lilikuwa bado limelala. Nikaanza kwenye jiwe kama siku ile. Nikapata mmoja mgumu, nikautoa. Maji yakasukuma uliokuwa nyuma yake, ukateleza na kukaa mahali pa ule niliotoa, na mkono wangu ulikuwa umeshapanda kwa unaofuata. Ule ulioteleza sikuugusa! Nilirudi nikaubonyeza. Mgumu kama fimbo. Mihogo ya shina moja nilikuwa nimeimenya pamoja na kuipanga pamoja, kwa hiyo ile migumu ilifuatana. Kila nilipotoa mmoja, ndugu yake alinipita.

"Anzia juu, Vero. Anzia juu." Nakusikia, Mama. Nilidhani ulisema hivyo kwa sababu kwetu njia inatokea juu. Sikukuuliza kamwe. Ukianzia maji yanakoingilia, inayoteleza ni ile ambayo kidole kimeshaipita, na ambayo hujaigusa inakungoja palepale.

Faustin alirudi kesho yake jioni, ameegemea fimbo, midomo imekauka. Alikuwa ametapika barabarani, dunia ikamzunguka, mama mmoja wa Sake akamlaza barazani kwake na kumnywesha maji ya sukari. Bugali alikuwa ameila nusu. Nusu, Mama! Nilimshika shati nikilia, nikamuuliza kwa nini hakutema.

"Nilizani njo ladha ya Buleusa, sheri," akasema. "Nikasema, nitazoea."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikuweza. Nilimtazama mtu ambaye angemeza uchungu mpaka mwisho kwa sababu umetoka mikononi mwangu.

Unga ule tumeumwaga shimoni, mbali na kuku. Leo Faustin anakunywa uji wa mtama, na rangi imemrudia. Anasema bugali yangu ya pili ataila yeye kwanza, mbele ya wote, ili nisiogope. Naogopa, Mama.

Lakini nakuahidi: hakuna atakayekula kwangu kabla sijatafuna kila muhogo mimi mwenyewe. Na nikijaliwa binti, sitamwambia tu aanzie juu. Nitashika mkono wake ndani ya maji, auone muhogo ukiteleza.

Pumzika, Mama. Faustin ananiita, anataka kunisindikiza mferejini, ati abebe kikapu. Ameiacha njia ya bondeni, amepanda ile ya juu, kupitia kwenye migomba. Namfuata.

Binti yako,
Vero