Mitungi ya Harusi ya Rehema

Jumatatu, 3 Julai
Nimesahihisha madaftari ya darasa la tano. Wengi wamekosea hesabu za sehemu. Bomba halijatoa maji tangu Alhamisi, nimeteremka bondeni na ndoo yangu moja. Zamani tulikuwa wawili, mimi na Rehema.

Dereva wa lori la mbao ameniletea barua ya Rehema kutoka Masasi. Harusi ni tarehe 29. Yeye na Elia wake, fundi redio, wameshapata ukumbi. Anataka mimi nichague zawadi ya wageni. Anasema siku hizi Masasi mgeni haondoki harusini mikono mitupu, lazima apewe kitu cha kukumbukia. Wageni mia moja na ishirini. Amepiga mstari chini ya maneno haya: kitu ambacho mtu atakaa nacho.

Nimeisoma mara tatu. Nimefurahi. Kisha nyumba ikawa kimya kama kawaida.

Jumatano, 5 Julai
Newala mjini baada ya vipindi. Maduka yamejaa. Miaka michache tu iliyopita tulipanga foleni ya sabuni, leo sijui nitazame wapi. Vikombe vya plastiki vya kila rangi. Vitana. Vioo vya mfukoni. Taulo za mkono. Maua ya plastiki ndani ya chupa. Nimeshika kila kitu, nikarudisha kila kitu. Mwenye duka amechoka na mimi.

Kikombe cha plastiki mtu atakaa nacho mpaka mpini ukatike. Korosho za kukaanga zitaliwa njiani. Leso za kutarizi ningeziweza, lakini si mia na ishirini kwa macho haya.

Sina wa kumuuliza. Jambo dogo kama hili linataka watu wawili.

Jumamosi, 8 Julai
Nimepata!

Nilimkuta Bi Somoe bondeni anachimba udongo wa kufinyangia. Nikamwamkia, tukapumzika pamoja kabla ya kupanda mlima. Yeye ndiye aliyemfinyangia Rehema mtungi wake wa kwanza, mtoto ana miaka mitano. Alitaka kubeba maji kichwani kama mimi. Tukifika juu, nusu ya maji imemwagikia mgongoni kwake. Alikuwa anasema amefika na maji mengi kuliko mimi.

Hapa Mkunya nani hajui mtungi una maana gani? Kila tone limepandishwa kwa shingo ya mtu. Basi mgeni apewe mtungi mdogo, wa kukaa kiganjani, wenye shingo nyembamba na michoro tumboni. Bi Somoe alicheka, akauliza kama ni wa kunyweshea kuku. Nilipomweleza ni wa harusi ya nani, akaacha kucheka. Amekubali. Atafinyanga mia na arobaini, maana mingine hupasuka motoni.

Nimemwandikia Rehema.

Alhamisi, 13 Julai
Kaka Lameck amekuja kutoka Lukuledi. Hajafika hapa mwaka wa pili huu. Nilijua kuna jambo.

Dastani ametokea. Baba yake Rehema.

Niandike ili nisije nikalainisha mambo baadaye. Dada yangu Agnesi alikufa mtoto ana siku tisa. Dastani aliondoka kabla matanga hayajaisha. Miaka ishirini na miwili, hata salamu. Mtoto nikamchukua mimi. Mume wangu akasema hawezi kulea damu ya mtu mwingine, naye akaondoka. Hilo sikuwahi kumwambia Rehema.

Sasa Dastani ananunua korosho, tangu watu binafsi waruhusiwe. Ana magari mawili. Anataka kuibeba harusi yote: ukumbi mkubwa zaidi, muziki, ng'ombe. Kamati mpya imeshaundwa, na watu wake.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Nilimwambia Lameck hivyo. Akasema neno ameshalitoa. Nikamuuliza vile viatu vipya amevipata wapi. Akavitazama.

"Dada, mtoto mwenyewe amefurahi," akasema. "Nenda kamtazame uso."

Hakulala. Alidandia lori lilelile lililomleta.

Jumapili, 16 Julai
Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu vigae.

Namchukia Dastani. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 21 Julai
Leo tumechoma mitungi. Siku nzuri kuliko zote mwezi huu.

Bi Somoe na binti zake wawili waliipanga juu ya kuni, wakaifunika kwa magome na nyasi kavu, kisha moto. Tulikaa upande usio na moshi, tukala mihogo. Kila mtungi ukilia paa! ndani ya moto, Bi Somoe anaita jina la mwanamke asiyempenda. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Hawakuacha kuniita Mama Rehema: Mama Rehema sogea, Mama Rehema utaungua.

Kumi na tisa imepasuka. Mizima ni mia na ishirini na mmoja. Myekundu, yenye madoa meusi pale moto ulipolamba. Hakuna miwili inayofanana.

Rehema hajajibu barua yangu.

Alhamisi, 27 Julai
Masasi. Mitungi ilisafiri ndani ya matenga, nimeipanga kwa nyasi, nami nimekaa juu ya lori katikati yake. Kwenye mteremko nilikuwa nimekumbatia tenga moja kama mgonjwa. Imevunjika mitatu tu.

Nimefikia nyumba aliyokodi Dastani. Mwenyekiti wa kamati ni dada yake, mama mnene, mwenye adabu. Alishika mtungi kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hii ni ya mapambo?"

Nikamwambia ni zawadi ya wageni. Akanipeleka chumba cha pili. Makatoni mpaka darini. Bilauri za vioo kutoka Dar es Salaam, zimeandikwa kwa rangi ya dhahabu: Rehema na Elia. Chini yake jina la Dastani. Ziliagizwa wiki mbili zilizopita. Wakati huo Bi Somoe alikuwa bado anakanda udongo.

Matenga yakawekwa stoo, nyuma ya magunia ya mchele.

Nilimpata Rehema peke yake penye mlango wa stoo, nywele zimefungwa roli. Sikupanga kusema mengi. Nikasema. Kwamba mtu huyu hajui hata ugonjwa mmoja aliowahi kuugua. Kwamba mtu huyu ananunua asichokipanda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitazama.

"Mama, naomba uniachie siku hii. Miaka yote nimekuwa na mama. Kesho kutwa nitakuwa na baba."



Jumamosi, 29 Julai
Harusi imekwisha.

Alipendeza. Nilikaa mstari wa tatu, na mafundi wenzake Elia. Mshereheshaji alimtambulisha baba mzazi, wakapiga makofi. Akamtaja marehemu mama mzazi, tukasimama kimya. Kisha mjomba, kisha shangazi, kisha "mama wadogo wote waliopo". Nikanyoosha mkono pamoja na wanawake wawili nisiowajua.

Dastani alipocheza na binti yake alilia. Nilimtazama sana nikitafuta uongo. Machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Bilauri ziligawiwa. Nami nilipewa yangu.

Jumapili, 30 Julai
Maharusi wamepelekwa Lisekese kwa wazazi wa Elia, mapema. Hatukuagana. Lameck alisema niache matenga, nisijisumbue, watayatumia wenyewe. Nikamuuliza kwa kazi gani. Nimeyapakia mwenyewe, yote.

Njia nzima nimelia, kwa sababu lori lilikuwa na kelele na hakuna aliyesikia.

Jumatano, 2 Agosti
Siku tatu matenga yamekaa sebuleni. Nikivuka nayapiga teke. Leo baada ya shule nimekaa chini na kalamu. Nikaandika majina ya watu waliomlea Rehema. Nilidhani watafika kumi.

Mama Saidi, aliyemnyonyesha pamoja na mwanawe, maana Agnesi hakuacha hata tone la maziwa. Mkunga. Mwalimu mkuu wa wakati ule, aliyeniruhusu kumlaza nyuma ya darasa. Mzee wa baiskeli aliyempeleka hospitali homa ilipompanda kichwani. Wanawake wa bondeni, mmoja mmoja. Bi Somoe. Nilipofika sitini na moja mkono ukachoka.

Hakuna hata mmoja aliyealikwa Masasi. Nami, katika hasira zangu za kukaa mstari wa tatu, sikuwa nimewakumbuka. Nimeona aibu.

Nimeanza kwa Mama Saidi. Nikamwambia ni zawadi ya harusi ya mtoto wetu. Aliugeuza mtungi, akanusa ndani.

"Unanuka mvua," akasema.

Kisha akataka kujua yote. Gauni, chakula, bwana harusi mrefu au mfupi. Nikamsimulia. Nikajikuta naisimulia vizuri, hata kucheza kwake na baba yake. Mama Saidi akafuta macho. Akasema afadhali mtoto amemwona baba yake kwa macho yake.

Nyumba saba leo. Kila nyumba nasimulia upya. Kesho naendelea.

Jumamosi, 19 Agosti
Barua kutoka Masasi. Bahasha nyembamba.

Rehema anaandika kwamba hajambo, na Elia hajambo. Mama mkwe ameletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, amempa aipike, naye ameipika ikabaki ngumu kama kuni. Anauliza, Mama, ni maji kiasi gani, na chumvi inatiwa lini. Ajibiwe upesi, kuna mingine ya Jumanne.

Juu ya ile siku, hakuna neno.

Nimekaa kizingitini, penye mwanga, nikajibu. Ioshwe, isimenywe. Maji yaifunike, yakauke yenyewe. Chumvi mwanzoni. Mwanamke asifunuefunue sufuria. Mistari sita, habari ya ming'oko ikaisha.

Karatasi ilikuwa bado nyeupe. Nikaendelea kuandika, habari za hapa, nani amepokea mtungi na amesema nini, mpaka kurasa tatu. Nikapeleka kwa dereva, akaitia mfukoni mwa shati.