Okinyi Anajifunza Kushona

Dada Aloo,

Miguu ya Mama inaendeleaje? Huku Dandora ni matope tupu, na cherehani moja imeharibika, lakini darasa letu la waliotoka jela limejaa.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Okinyi ameachiliwa. Ndiyo, yule aliyemuua kaka yetu Odero. Alikuja kuomba kujifunza kushona, bila kujua kwamba mwalimu ni mimi. Aliponiona aligeuka aende zake.

“Nisamehe, Sista. Nitatafuta kwingine.”

“Kwingine wapi?”

Nikamwambia aketi.

Tangu siku hiyo hata sala hainitulizi. Akishika mkasi, namkumbuka Odero. Jana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, nami nikamshikia tukatunga pamoja. Kisha nikatoka nje nikalia, na haikuwa huruma, Aloo. Ilikuwa hasira.

Kesho namfundisha kukata kola. Usimwambie Mama bado. Nitakuja nimwambie mwenyewe, nikishajua kama nimemsamehe ama namfundisha tu.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Sista Maurine