Uso Umeungua, Anayelaumiwa ni Shangazi Siti

Mama Asiya, asalaam aleikum. Nakuandikia nimejifunga kitambaa usoni, macho tu ndiyo yako nje, na naomba uniokoe kabla sijapoteza akili, maana kila mutu hapa nyumbani ana jibu lake na mi sijui tena nishike la nani.

Nina miaka ishirini na nne, nakaa Jabe na wazazi wangu, na nimeposwa na kijana anaitwa Yaseen, familia yao ni Waarabu wa asili ya Omani, wana duka la vitambaa toka enzi za babu yao, na ndoa yetu bado siku kumi na tisa. Mama yake Yaseen alifariki yeye akiwa mudogo, akalelewa na Siti, dada ya baba yake, na huyu shangazi Siti ndiye anajulikana kwa kuwasugua mabibi harusi singo, ule unga wa liwa, karafuu, manjano na maua ya waridi, anaukoroga na marashi anakusugua mwili muzima mpaka unang'aa na unanukia wiki nzima. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini, hata mama yangu alisuguliwa na yeye.

Sasa sikia kosa langu. Siku ya posa tulipiga picha, zikawekwa kwenye WhatsApp ya familia yao, na binti mumoja wa huko akaandika chini eti mi na Yaseen tuko kama chai na maziwa kabla hayajachanganywa, akaweka na vicheko, wengine wakacheka, Yaseen sijui hakuona ama aliona akanyamaza, na neno lile likaniingia likakaa. Kesho yake nikaenda kwa Dévote, tulisoma naye, ana meza ya mafuta na nywele za kusuka sokoni Jabe, nikamwambia nataka kung'ara kidogo kwa ajili ya harusi, sitaki kubadilika, kung'ara tu, akasema hiyo kazi ndogo, akaminya tube tatu za crème ndani ya kopo tupu la yaourt, lile la maziwa ya mgando, akavunja na kichupa cha dawa ya sindano akamimina, akakoroga na kijiti, akanipa, akasema paka asubuhi na jioni, uso, shingo na mikono, na jua lisikuone. Wallahi wiki tatu hazijaisha nikawa rangi ya andazi. Mama akawa anaambia majirani kwamba furaha ya ndoa imeniingia mwilini, na mi nacheka naye, nikajiona nimefaulu.

Jumatano ile shangazi Siti akaja na bakuli lake kwa singo ya kwanza. Mbali na mama, wanawake sita walikuwa uani, majirani na wake za baba zangu wadogo. Kabla hajanigusa akanishika mikono, akavitazama vidole muda murefu, akauliza pole pole, watu wasisikie, "Binti yangu, kuna kitu unapaka? Niambie kabla sijaanza." Mi nikamwambia, "Apana shangazi, mafuta ya nazi tu." Akanitazama tena. Halafu akasema kwa sauti kwamba leo tusugue mgongo na miguu, uso na mikono tuviache mpaka siku nyingine. Mama akaruka, "Uso ndio watu wanaokuja kutazama, we Siti! Wanaoa mgongo?" Wote wakacheka, na shangazi Siti akanitazama mara ya tatu, nafikiri alikuwa ananingojea niseme, mi nikafunga macho. Akasugua.

Mama Asiya, ilikuwa kama wamenipaka pilipili. Nikapiga kelele. Jioni uso umevimba, kesho yake ngozi ya mashavu, shingo na mikono inatoka kama karatasi na chini yake ni nyama nyekundu, inatoka majimaji. Mgongo na miguu, hakuna kitu, laini kabisa. Mama akamwita shangazi Siti arudi, akamsema mbele ya wale wale wanawake, kwamba yeye hakuwahi kuolewa, kwamba amemlea Yaseen kama mume wala si kama mutoto, sasa ana wivu na ameweka kitu kwenye singo. Neno "kitu" unalijua kwetu lina maana gani. Shangazi Siti aliosha bakuli lake, akajifunga mutandio, akasema Mungu atampa mutoto nafuu, akaenda. Mbona hakujitetea? Hiyo ndiyo inanichanganya zaidi, mutu ambaye hana kosa si anasema sina kosa?

Yaseen alinipigia, sauti inawaka hasira, akasema ameshamwambia shangazi yake asionekane harusini. Mi nilikuwa na kinywa, ningesema. Nilisema tu, "Pole."

Sasa ni siku ya tisa. Mama anasema ni jicho, amenisomeshea dua na kunifukiza. Mke wa baba mudogo anasema paka yai. Jirani anasema limau na asali, nilijaribu, nikalia. Kwenye téléphone nimeona mutu anasema dawa ya meno inakausha, kwa hiyo wakati naandika hivi niko na dawa ya meno. Dévote anasema crème yake haijawahi kuunguza mutu, ni singo ya yule bibi, niendelee kupaka tena niongeze, halafu akaniambia jina lake nisilitaje popote. Siku moja naamini ni crème, siku ya pili naamini ni singo, siku ya tatu nasema labda mama ana haki, kuna jicho. Nikisema kweli, Yaseen atajua rangi hii si yangu na atajua nimemuacha amfukuze mutu aliyemlea, ataniacha. Nikinyamaza, naolewa na uso gani, na kwa dhamiri gani? Nifanye nini na ngozi yangu, na nifanye nini na shangazi Siti?

Usitaje jina langu.
Bibi harusi, Jabe


MAMA ASIYA ANAJIBU

Aleikum salaam, mwanangu. Majina yote nimeyageuza, pumua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma. Ya pili nilitafuta kandambili.

Kwanza hiyo dawa ya meno. Inuka, nenda ukaioshe sasa hivi, barua itakungoja. Maji ya vuguvugu, bila sabuni, usisugue, kausha kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Umeosha? Haya. Yai ni la kula. Limau ni la chai. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ulivyopaka kinachokwenda kwenye kidonda, na moshi wa ubani usiukaribishe uso huo, dua inafika hata bila moshi.

Unaniuliza nani amekuunguza, na eti umechanganyikiwa. Mi sioni umechanganyikiwa wapi. Jibu umeliandika kwa mkono wako: mgongo na miguu vilisuguliwa na unga ule ule, bakuli lile lile, na viko salama. Vilivyoungua ni uso, shingo na mikono, palepale ulipopaka kopo la Dévote. Ni jicho gani hilo linaloruka mgongo likatua mashavuni? Mukorogo unakula ngozi ya juu kidogo kidogo, unabaki na ngozi nyembamba isiyo na kinga, unajiona umeng'ara. Halafu ukasuguliwa karafuu. Bibi wa watu hakuweka kitu. Kitu uliingia nacho wewe.

Mi nilikuwa na saluni Ngagara miaka ishirini, nimesuka vichwa na kupamba nyuso za mabibi harusi mpaka magoti yamechoka, lakini si daktari, na uso wako leo unataka daktari wa ngozi. Uende kesho, na kopo la yaourt uende nalo, usilitupe kwa aibu. Yeye ndiye atakuambia namna ya kuliacha, maana dawa nyingine za ndani ya makopo hayo ukiziacha ghafla ngozi inawaka upya, na ukizirudisha ndio unazama. Kuongeza, kama anavyosema rafiki yako, hapana, tena hapana. Mutu anayekuuzia kitu halafu anakukataza kutaja jina lake, ameshakuambia kitu chenyewe ni nini. Ukiona usaha, ama macho yanafungwa kwa uvimbe, ama homa imepanda, usingoje kesho, hospitali siku hiyo hiyo.

Mpaka umuone daktari ni maji, na vaseline ya kawaida isiyo na harufu, basi. Jua likwepe, vaa kitambaa chepesi cha pamba, na hicho ulichojifunga kama ni cha nailoni kitoe, kinakupika. Usiweke défrisant ya kunyoosha nywele wiki hizi, ile dawa ikitiririka kwenye paji la uso utakuja kunisimulia kilio kingine. Suka ukitaka, lakini usivutwe kwenye kingo. Hina miguuni sawa, iwe ya majani matupu, wasikuchanganyie ile nyeusi ya kupaka nywele. Mikononi usiweke mpaka ngozi ifunge.

Na maquillage, mapambo ya uso ya harusi? Kama daktari amesema ngozi imefunga, jaribu kidogo nyuma ya sikio, ngoja siku mbili, ukiwashwa acha. Ukienda kuchagua fond de teint, ile ya kupaka uso mzima rangi moja, itazame mlangoni penye mwanga wa mchana, usiitazame chini ya taa ya duka, na uilinganishe na kifua chako ambacho hakikupakwa. Hiyo ndiyo rangi yako. Kama haijafunga, utaolewa na kope zilizotiwa wanja na uso mtupu chini ya mutandio, na ndoa itasihi vilevile. Kadhi haulizi fond de teint.

Na nikuulize na mi. Yaseen siku amekuja kuposa, aliona rangi gani? Alikuja kwenu na miguu yake, macho yake anayo, akasema namtaka huyu. Binti mumoja kaandika upuuzi wa chai na maziwa, wewe ukamwamini yeye ukamwacha yule aliyeleta mahari. Neno liliuma, najua, lingeniuma na mi. Lakini ulipaswa kumuonyesha Yaseen simu, hukupaswa kumuonyesha Dévote uso.

Sasa tuje kwa Siti, maana ngozi itapona, hili halitapona lenyewe.

Umeuliza mbona hakujitetea. We mutoto, fikiri. Kila mutu wa kazi yetu anajua kwamba mukorogo unageuza uso lakini vifundo vya vidole vinakataa, vinabaki vyeusi. Alikushika mikono, akatazama vidole, akajua. Akakuuliza chini chini ili usiaibike. Ukamdanganya. Akatafuta njia ya kuuacha uso bila kukutaja, mama yako akamzibia. Akakutazama mara ya tatu, ukafunga macho. Angeweza kuweka bakuli chini akatae, na hapo alikosea, mutu wa miaka thelathini kazini angekataa, nami ningemwambia hivyo usoni. Lakini alipotukanwa mbele ya wanawake sita, alikuwa na maneno matatu tu ya kujiokoa: mtazameni vidole vyake. Angeyasema, matusi yote yangehamia kwako dakika ile. Hakuyasema. Alijua akijisafisha atakuvua nguo wewe, na wewe ni mke wa mutoto wake. Akabeba. Akakuombea nafuu, akaenda. Na wewe unakaa hapo na kalamu unajiuliza labda ana neno moyoni!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hili utalisema, na utalisema hivi. Kwanza unakwenda kwa Siti, wewe mwenyewe. Usimtume mutu, usipeleke sukari na kanga ukadhani vitakusemea. Ukifika mshike mikono, umwambie, "Shangazi, uliniuliza, nikakudanganya." Kama atalia, mwache alie. Kama atafunga mlango, rudi kesho. Pili unamwambia mama yako, na utamwambia polepole maana yeye ametukana mutu mzima kwa ajili yako, na atataka pa kuificha aibu yake. Usimpe. Aliyetukanwa hadharani anasafishwa hadharani: wanawake wale wale sita, uani pale pale, na mama yako awepo.

Yaseen mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajasikia kwa mutu. Unaogopa atakuacha. Inawezekana, sitakudanganya. Lakini mwanamume anayewaka hasira kwa ajili ya mashavu yako, nafikiri atakasirika, atanuna, atarudi. Ambacho hatakusamehe ni kujua miaka kumi baadaye, shangazi yake akiwa kaburini, kwamba alioa bila mama aliyemlea na wewe ulijua kwa nini, ukasema "pole". Ikibidi harusi isogezwe mbele, isogezwe. Kadi zinachapwa tena.

Najua unatetemeka. Tetemeka ukiwa njiani. Barua yako imekaa mezani kwangu siku mbili, kwa hiyo leo ni ya kumi na moja mwanamke huyo anaitwa mchawi kwa kosa lako, na bado hajakutaja. Ya kumi na mbili isimkute hivyo. Vaa viatu.