Kengele ya Kaka

Wee, uko wapi? Ukisoma ujumbe huu nipigie.

Unaikumbuka kengele ya mlangoni aliyoiunda marehemu kaka, ile inayosema kwa sauti yake, "Karibu, vua viatu kwanza"? Leo mchana nimeifungua niiwekee mlio wa kawaida, maana mama akiisikia analia. Nikachomoa betri, nikachomeka waya wa USB kwenye kompyuta ili niingize programu mpya.

Ikasema!

Betri ninayo mkononi, haki ya Mungu! "Karibu, vua viatu kwanza." Sauti yake ile ile, na yale mafua yake yasiyoisha. Nilipiga yowe, kiti kikaanguka.

Halafu akili ikanirudia. Waya wa USB haupitishi programu tu, unapeleka na umeme, na kengele ile ikiwaka tu husema. Fundi mzima nimesahau! Nikacheka peke yangu kama mwehu, nikabonyeza kitufe kwenye kompyuta. Programu mpya ikaingia, ya kaka ikafutika. Kengele ikalia ting.

Nakala ya sauti yake hatuna.

Kugeuka, mama amesimama mlangoni, miguu peku, viatu kavishika mkononi.

Akaniuliza taratibu, "Mbona umemkatiza kaka yako? Nilikuwa namjibu."