Beseni Chini ya Gari

Jumamosi, 4 Mei

Leo mume wangu kaamka mzima. Mzima kabisa! Kabla hata ya chai akataka kumwaga maji ya rejeta, eti yamezeeka kuliko yeye. Kazi hii hufanywa asubuhi, kasema, gari likiwa limelala likapoa. Asiye na subira huungua uso. Akafungua kifuniko, akatambaa chini na beseni langu la kufulia, akalegeza koki. Zamani maji hayo yalikuwa ya kijani — leo yametoka rangi ya kutu. Akasuuza kwa maji ya bomba mpaka yakatoka safi, akakaza koki, akajaza dawa mpya ya rejeta. Kisha akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, hewa itoke. Yale machafu akayatia kwenye dumu na kuandika SUMU. Yana utamu, paka wakiyalamba wanakufa.

Mimi kazi yangu kumpa spana tu, kama enzi za gereji yake. Enzi hizo aliniita Namba Kumi — spana inayotakiwa kila saa na haionekani kamwe! Leo kaniita "wewe". Haya. Alhamisi tunamwona daktari wa kichwa. Nafasi hiyo tumeisubiri tangu mwaka jana.

Jumapili, 5 Mei

Nimetoka nje, nakuta beseni chini ya gari na miguu ya mume wangu pembeni yake. Dawa mpya yote imemwagika! Nikamwambia, Baba Watoto, si ulimwaga jana? Akanitazama kana kwamba namsingizia. Jana alikuwa kazini, kasema, ameligusa saa ngapi.

Kazi aliacha zamani. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikakaza koki, nikajaza maji ya bomba.

Jumanne, 7 Mei

Tena. Na jana pia. Spana zote nimezifungia kabatini — koki kaifungua kwa vidole.

Binti yetu kapiga simu. Mama, uza hilo gari, fichua ukweli kwa watu kwamba Baba anaumwa. Rahisi kusema ukiwa mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kuna jambo sikumwambia. Baba yake akiwa chini ya gari haniulizi kila dakika tunaenda lini nyumbani. Hatoki getini akapotea. Anapiga mluzi! Nami napata kushona pazia moja likaisha. Basi kila jioni najaza maji, kila asubuhi anayamwaga. Kutwanga maji kwenye kinu, lakini kinu chenyewe kinatulia.

Jumatano, 8 Mei

Mgongo. Macho. Nimechoka mpaka kuchoka kwenyewe kumenichoka.

Fundi wa pale kona, aliyefunzwa kazi na mume wangu, kanisimamisha dukani. Mama, kasikia tunasafiri kesho. Nisisahau kuangalia maji, gari likienda kavu injini imekufa. Najua, mwanangu. Siku zote naangalia.

Shati lake jeupe nimelipiga pasi. Kesho saa nne.

Alhamisi, 9 Mei

Naandika nikiwa kwenye usukani, kando ya barabara. Saa nne imepita.

Sikuangalia. Leo tu! Alikataa shati jeupe, akavaa la gereji, tukavutana mlangoni mpaka nikalia. Nilipokwenda kunawa uso alikuwa nje peke yake. Nikarudi nikamkuta kakaa ndani ya gari, mpole. Nikashukuru, nikawasha, tukaondoka.

Mshale wa joto ukapanda njiani. Mvuke! Mimi nimeganda — yeye ndiye aliyepiga kelele: Pembeni! Zima! Sauti ile ile ya gereji. Nikashuka na kitambaa nifungue kifuniko, akanidaka mkono. Lipoe kwanza, unataka kuungua uso?

Akainama akachungulia chini. Akainuka na hasira za kweli. Koki imelegea, kasema. Mjinga gani kamwaga maji asiyarudishe?

"Mimi," nikasema.

Akanikazia macho. Kisha akaanza kucheka, akajishika kiuno. "Namba Kumi! Miaka yote hii na mimi, hujajifunza tu?"

Nimecheka naye. Sijui kama ni kucheka. Nilikuwa nimemkosa sana mtu huyu, na sasa yuko hapa, anazunguka boneti na shati lake la gereji, ameniamuru nikae ndani nisiungue. Sithubutu kumwambia tulikuwa tunakwenda wapi.

Simu inaita. Hospitali. Naye anagonga kioo, kanyoosha mkono, anataka spana. Zote ziko nyumbani, nimezifungia kabatini.