Sikuchelewa, Nilipokezana

Mjukuu wangu Salma,

Salamu zako zimefika. Huku Chwaka sote wazima, na dada yako kajifungua mtoto wa kiume, analia kama tarumbeta. Lakini barua yako imenighadhibisha. Eti mwalimu wako wa muziki huko Ulaya anasema mdundo wa jazi, ule unaoangukia katikati ya hesabu, wewe hukuzaliwa nao? Unaniuliza kama ni kweli!

Miaka ile baada ya Mapinduzi, nilikuwa msichana nikitikisa kayamba kwenye bendi ya jazi mjini. Kiongozi wetu, aliyejifunza kila kitu kwenye santuri, alinisimamisha katikati ya dansi, watu wote wakitazama.

"Wewe wa shamba, unachelewa! Piga pamoja na ngoma!"

Nikapiga pamoja na ngoma, kama alivyotaka. Wachezaji wakarudi vitini mmoja mmoja, mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Ndipo akaninong'oneza, "Haya, piga ulivyokuwa ukipiga." Watu wakainuka. Radhi hakuniomba hata siku moja.

Nichelewe mimi! Nimekua nikiponda makumbi ya nazi ya kusokotea kamba na shangazi yangu, gogo moja, magongo mawili. Yeye huku anapiga, huku anageuza kumbi kwa mkono wa pili. Gongo lake likinyanyuka, langu linashuka papo hapo katikati.

Basi muulize mwalimu wako: kama mdundo huo hatuna, vidole vya shangazi vilisalimika vipi?

Bibi yako, bado nna hasira.